Kilo Ishirini Kwanza, Hovabodi Baadaye

Kila nikiweka statasi ya mwanangu Yunus akiwa juu ya hovabodi, ule ubao wa umeme wa magurudumu mawili, simu haitulii. "Mama Yunus, umenunua wapi?" "Shilingi ngapi shosti?" "Wangu ana miaka minne, nataka nimfanyie sapraizi siku ya besdei." Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika yote hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia linki. Bei nitaitaja, na dukani nitawapitisha. Ila swali ambalo ningefurahi kuulizwa mpaka leo halijaja: mtoto ana kilo ngapi?

Kwa wageni: mimi ni fundi wa laptop na betri, nina fremu ndogo ghorofani Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kule kwa watu wa simu. Wateja wananiita fundi, wengine dada fundi, na wapo wanaochungulia mlangoni, wakaniona nimeshika bisibisi, halafu wakaniuliza, "Fundi ametoka?" Hovabodi huwa zinanifikia zimeshakufa. Betri haishiki chaji, upande mmoja unatetemeka, au mtoto kaiendesha kwenye dimbwi. Kwa hiyo nilizijua tumboni kabla sijajua watoto wanazipandaje. Yunus alipoiona ya binamu yake Mbezi akarudi nyumbani hana habari nyingine mdomoni, sikuanzia dukani. Nilianzia kwenye mizani.

Sababu ni hii. Chini ya ule mpira wa kukanyagia kuna vijipande vya plastiki kila upande. Uzito wako ukiubonyeza mpira, vinashuka na kukata mwali mdogo wa mwanga usioonekana kwa macho, na hapo ubao unajua kuna mguu. Kuanzia hapo kazi ni ya vihisi: kila nusu ya ubao ina chake, kinapima umeinamia wapi na kwa kiasi gani, na mota iliyofichwa ndani ya gurudumu inazunguka kufuata mguu huo. Mguu wa kulia ukiinamia mbele na wa kushoto ukatulia, unakata kona kushoto. Usukani hakuna. Breki ni kuegemea kisigino.

Sasa msimamishe hapo mtoto wa kilo kumi na tano. Mpira haushuki sawasawa. Ubao unamwona, haumwoni, unamwona tena. Upande mmoja ukimsoma na mwingine usimsome, gurudumu moja linakwenda na lingine limekufa, mtoto anazungushwa kama pia. Ndiyo maana kitabu cha maelekezo huwa na uzito wa chini, na kwa hizi za kawaida zenye magurudumu ya inchi 6.5 wengi wanaandika kilo 20. Umri wanaoutaja mara nyingi ni miaka minane kwenda juu. Wauzaji wetu wanaukariri ule uzito wa juu tu, kilo 100 au 120, maana ndio unaouza: "Hata wewe mwenyewe dada unapanda!"

Yunus ana sita, hajafika hiyo minane. Najua, na kuna watu wa familia walionisema. Nimeamua kwa kilo zake, kwa vile anavyosikia akiambiwa simama, na kwa sababu hapandi nisipokuwepo. Mzazi anayetaka kumkabidhi mtoto halafu aingie jikoni, huyo afuate minane, tena asipunguze hata mwezi.

Kuhusu kilo: kadi ya kliniki inaishia miaka mitano, na baada ya hapo wengi wetu hatujui tena uzito wa watoto wetu mpaka waugue. Kwenye jedwali la ukuaji la WHO, mvulana wa miaka 6 aliye katikati kabisa ana kilo kama 20 na nusu. Maana yake watoto wengi wa umri huo, wazima kabisa, bado hawajafika ishirini. Yunus tulimpima kwa kijana wa mizani anayekaa karibu na kituo cha Buguruni, shilingi mia mbili, mshale ukasimama kwenye kumi na nane na nusu. Nikamwambia Yunus, ukifika ishirini tunakwenda Kariakoo. Sijawahi kuona ugali na maharage yanaliwa namna ile. Yule aliyekuwa anatoa vipande vya mchicha kimoja kimoja na kuvipanga pembeni ya sahani akaanza kuomba nyongeza. Safari nyingine alipanda mizani na begi la shule mgongoni, amelijaza madaftari ya dada yake, uso umenyooka kabisa. Kijana wa mizani ameshaona mengi. "Dogo, shusha mzigo kwanza."

Katikati ya hayo kaka yangu, ambaye yuko Dubai, akasikia. Akasema niachane na za Kariakoo, ataninunulia huko huko, mtaa wa Deira, na kuja nayo likizo. Nikamwambia kaka, kabla hujatoa dirham zako soma orodha ya vitu visivyopanda ndege. Emirates hawapokei hovabodi kabisa, si begi la mkononi si mzigo wa chini, na mashirika mengi yalifunga mlango huo tangu mwisho wa 2015. Tatizo ni betri. Kwa kanuni za anga, betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 haisafiri na abiria wa kawaida. Ya hovabodi yenye volti 36 na Ah 4.4 (ampea-saa, yaani kiasi cha chaji inachobeba), ukizidisha unapata karibu wati-saa 158, yaani imesimama ukingoni, na mwaka ule zilikuwa zinawaka moto majumbani. Kaka alinuna kidogo, akatuma hela badala ya mzigo. Mimi nikashukuru mara mbili.

Habari ya moto naomba tuisimamie kidogo, kwa sababu watu wanadhani ni maneno ya mtandaoni. Mwaka 2015 hovabodi zilipovuma, viwanda vingi vilikimbilia kuziunda kwa betri yoyote iliyopatikana. Uingereza walikagua zaidi ya 17,000 zilizokuwa zinaingia nchini, na zaidi ya 15,000 zikaonekana si salama: plagi bila fyuzi, chaja mbovu, swichi ya kukata chaji isiyokata. Julai 2016 Marekani wakatangaza kurudishwa kwa zaidi ya 500,000 za kampuni kumi tofauti, kwa ajili ya betri. Na Machi 2017, mjini Harrisburg, Pennsylvania, mtoto wa kike wa miaka mitatu alifariki kwa moto ulioanzia kwenye hovabodi iliyokuwa kwenye chaji nyumbani kwao. Hiyo ya mwisho niliisoma usiku na sikulala vizuri.

Kilichokuja baada ya hapo ni kipimo kinachoitwa UL 2272, cha tangu 2016, kutoka UL, kampuni ya Marekani ya kupima usalama wa bidhaa. Uzuri wake ni kwamba hakipimi betri peke yake, kinapima mfumo mzima wa umeme: betri, chaja, nyaya na bodi ya saketi vikiwa pamoja. Alama ya CE, ile ya Ulaya, mnayoiona kwenye kila boksi ni jambo jingine. Kwa bidhaa nyingi mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetangaza kuwa ametimiza masharti. Mimi natafuta UL 2272, nikiiona nalitafuta jina la kampuni kwenye tovuti ya UL pale pale dukani kwa simu. Kariakoo stika yoyote inachapishwa ukiwa umesimama unasubiri, msinifanye niseme zaidi.

Haya, dukani. Yunus alifika ishirini na kidogo bila begi, tukaenda Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Duka la kwanza kijana akawasha taa zote, akaunganisha bluetooth, bongo fleva ikaanza kupiga kutoka chini ya ubao. Yunus alikuwa ameshachagua. Nikamwomba kijana aigeuze chini juu. Akaigeuza kwa heshima ile ya kumvumilia mteja. Stika ya chini ilikuwa na neno "Smart" na picha ya radi, basi. Hakuna volti, hakuna Ah, hakuna jina la mtu. Nikauliza uzito wa chini wa mpandaji. "Mtoto yeyote anapanda dada, hata wa miaka mitatu." Tukaaga.

Duka la pili stika ilikuwepo, imeandikwa Ah 4.4, ila ubao ulikuwa mwepesi mkononi. Nikauliza kama naweza kufungua. Hapana. Sawa, haki yake.

La tatu ni la mzee mmoja anayeuza vifaa vya watoto na baiskeli, hana muziki wala taa za kuwaka. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba niifungue, nikiridhika nalipa sasa hivi." Akaniangalia, akaangalia bisibisi iliyotoka kwenye pochi yangu, akacheka mpaka akakohoa. "Marahaba mwanangu. Ukiivunja ni yako." Nikakaa kwenye kigoda chake, nikaweka skrubu kwenye kifuniko cha chupa ya maji, Yunus akashika kifuniko kwa mikono miwili hata kupumua hataki.

Nachotazama ndani ni hiki. Upande mmoja kuna betri, upande mwingine bodi kubwa. Betri ina waya mnene mwekundu na mweusi wenye kichwa cha njano, ichomoe kwanza. Ndani ya ile ngozi ya plastiki ya bluu kuna seli za mduara zinazoitwa 18650, kwa sababu zina upana wa milimita 18 na urefu wa 65. Pakiti kamili ya Ah 4.4 ina seli ishirini: kumi kwa mfululizo kupata volti 36, na kila moja ina pacha wake. Seli ya kweli ina gramu kama 45. Ishirini ni gramu 900 kabla hujahesabu bodi ya ulinzi na waya. Ukinyanyua pakiti iliyoandikwa 4.4 na mizani ya jikoni inasema gramu 600, ndani kuna seli kumi na maneno. Na ukiona mahali popote seli ya 18650 imeandikwa mAh 9,900, yaani Ah 9.9, iache hapo hapo, nzuri kabisa duniani hazijafika hata nusu ya hiyo. Mizani ya jikoni niliibeba, ndiyo, na mzee alikuwa ameshaacha kushangaa.

Yake ilikuwa na zaidi ya kilo moja, seli zimeshikwa vizuri, waya umefungwa usisuguane na chuma, chaja imeandikwa volti 42 na ubao nao volti 42, maana betri ya volti 36 ikijaa inafika 42. Alama ya UL 2272 ilikuwepo na jina likapatikana kwenye tovuti. Shilingi laki tatu na themanini. Nikaomba apunguze, akapunguza elfu kumi na kumpa Yunus pipi.

Msinielewe kwamba kila mtu abebe bisibisi. Kama si fundi, mambo matatu unaweza kuyafanya kwa macho tu: soma stika ya chini, linganisha volti ya chaja na ya ubao, na omba kitabu cha maelekezo utafute uzito wa chini. Muuzaji asiyekuwa na hivyo vyote ameshakujibu.

Wengi wananiuliza kwa nini sikuchukua ile kubwa ya tairi za upepo za inchi 10, kwa kuwa barabara zetu ni mchanga. Ile ni nzito na iko juu zaidi, mtoto mdogo akianguka anatoka mbali. Na mimi sina mpango wa Yunus kupanda barabarani, ambako bodaboda wenyewe hawaonani. Anapanda kwenye uwanja wetu wa Tabata wenye pevingi, na barazani penye vigae. Inchi 6.5 inatosha, ila pevingi iliyoinuka hata kidole kimoja inaisimamisha ghafla, kwa hiyo nilipita na fagio na kumwita fundi ujenzi akalaza mawe mawili yaliyokuwa yamechomoza. Kuna pia kile kiti cha kufunga juu ya hovabodi iwe kigari, na watu wanasema ndicho kinachofaa watoto wadogo kwa kuwa wamekaa. Mimi sikukipenda. Vyuma vyake vinakandamiza ile mipira muda wote, kwa hiyo ubao unaamini kuna miguu hata mtoto akiwa ameshachomoka kitini.

Vifaa vya kujikinga ni lazima, na hapa sibembelezi mtu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 ulikadiria watoto zaidi ya 26,000 walioumizwa na hovabodi wakafikishwa idara za dharura mwaka 2015 na 2016, na kilichoongoza ni kifundo cha mkono. Mtoto akianguka anatanguliza viganja. Nilinunua kinga za viganja zenye kibao kigumu ndani, za magoti na za viwiko, pamoja na kofia ngumu mpya. Kofia za mitumba pale Karume zipo nyingi na nzuri kwa macho, lakini ukiibonyeza ile sponji ngumu ya ndani utakuta nyingine ina ufa, na kofia yenye ufa imeshafanya kazi yake kwa mtoto wa mtu mwingine huko ilikotoka.

Kufundisha kulikuwa rahisi kuliko nilivyofikiri, isipokuwa kushuka. Nilisimama mbele yake nikamshika mikono yote miwili. Mguu wa kwanza karibu na gurudumu, wa pili haraka bila kusitasita, macho kwa mama, siyo chini. Akiogopa anajikaza, akijikaza ubao unatetemeka, ukitetemeka anaogopa zaidi. Nikawa namwuliza habari za shule ili asahau miguu. Sasa kushuka: kila mtoto anataka kuruka mbele, kama anavyoshuka kwenye ngazi, na akifanya hivyo anauinamisha ubao mbele, nao unamfuata kwenye visigino. Anatakiwa ashuke kinyumenyume, mguu mmoja kwanza, wa pili mara moja. Tulilirudia hilo hadi dada yake akawa anaimba, "Nyuma, Yunus, nyuma!" Halafu nguo: kanzu, dera, gauni refu, mikanda inayoning'inia, vyote mbali. Gurudumu likishika kitambaa haliulizi.

Jambo jingine la kufanya nyumbani: ubao ukitetemeka au ukielemea upande mmoja, usikimbilie kwa fundi. Uweke sakafuni pasipo mteremko, ukiwa umezimwa, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde chache mpaka taa zipepese, kisha uzime na kuwasha tena. Mbao nyingi zinajisawazisha hapo. Nikifanya hivyo dukani kwangu nalipwa elfu tano, sasa mmeipata bure.

Kuchaji, nyumbani kwangu, ni barazani juu ya vigae, mchana, mtu mzima akiwepo. Si chumbani kwa watoto, si juu ya zulia, wala si karibu na mlango wa kutokea, maana huko ndiko utakakotaka kupita mambo yakiharibika. Ikijaa, taa ya chaja inageuka kijani, tunachomoa. Umeme ukikatika tunachomoa pia, tunarudisha ukishatulia. Chaja nyingine haiingii hapo hata kama kichwa kinafanana: ya skuta ya volti 48 inatoa hadi 54.6, na betri ya volti 36 mwisho wake ni 42. Ubao ukipata joto la kutisha, ukivimba au ukitoa harufu tamu ya ajabu, toeni watoto nje kwanza, mengine baadaye.

Sasa turudi kwa mwenye mtoto wa miaka minne, maana ni wengi. Jirani yangu mama Salma alitaka hii hii. Nilimwambia dada, Salma ana kilo kumi na sita, mnunulie baiskeli ndogo ya mtumba, nitaitoa pedeli mwenyewe. Unahitaji spana namba 15, na kumbuka pedeli ya kushoto inafunguliwa kinyume na zote, ukilazimisha upande uliouzoea unaikaza. Shusha siti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini, mtoto ajisukume kwa miguu. Hata baiskeli ya Mjerumani Karl Drais ya mwaka 1817, babu wa zote hizi, haikuwa na pedeli. Salma sasa anateremka kibarazani miguu juu, na mama yake ametumia elfu arobaini na tano tu, haina chaja wala moto. Yunus anaiazima kila siku.

Mnaonitumia picha WhatsApp mkitaka niwaambie kama ni nzima: msinipigie picha ya taa. Igeuzeni, mnitumie stika ya chini na ya chaja, zisomeke, na mniandikie kilo za mtoto.